Eda ya Mtu Aliye Hai

Kitabu cha Mwanarusi kiliposhinda tuzo kule Nairobi, Mji wa Kale wa Mombasa wote ulijifanya umekisoma. Waliokisoma hasa walikuwa wachache, na hao ndio waliokuwa hawasemi kitu. Mwanarusi mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Tudor, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia mbaya ya kuuma kalamu mpaka wino ukampaka midomo. Kabla ya hapo alikuwa ameandika vijitabu viwili vya watoto, kimoja cha paka na kimoja cha jogoo, na hakuna aliyemwuliza paka yule alikuwa wa nani. Ilipokuja riwaya, mambo yakawa mengine.

Riwaya ilimhusu somo, yaani yule mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari kabla ya harusi ili amfunze kuoga, kujifukiza, kupika, kunyamaza, na pia lini asinyamaze. Somo huyo wa kitabuni amefunza nusu ya mji, lakini yeye mwenyewe hajapata kuwa mke wa mtu hata siku moja. Bwana arusi alimwacha ndani ya fungate, hajamgusa, akapanda meli akarudi kwao Unguja. Mama mtu kwa kuogopa fedheha akatangaza kwamba mkwewe amesafiri. Safari ilipozidi urefu akatangaza kwamba amekufa. Binti akawekwa kizuka, akakaa eda yake kamili kama sheria inavyotaka, akimlilia mtu ambaye wakati ule ule alikuwa sokoni Darajani anauza vitambaa, mzima wa afya. Wahakiki waliisifu sana sura hiyo ya eda. Mmoja aliandika gazetini kwamba hapa kwetu haijapata kubuniwa sura kama ile. Mhakiki huyo alikosea neno moja tu, hilo la kubuniwa.

Mambo hayo yalimpata Bi Zuwena wa Kibokoni, mdogo wa mamake Mwanarusi. Ndiye aliyemlea Mwanarusi tangu mamake alipofariki, na Mwanarusi hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imepewa siri ile kwa wema. Mwanarusi alipoachwa na mumewe alirudi Kibokoni na sanduku lake, akajifungia chumbani, akakataa kula. Bi Zuwena alibembeleza, akagomba, akaleta mkate wa sinia, ukarudi kama ulivyokwenda. Mwisho akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Wewe si wa kwanza, mwanangu," akamsimulia yote, kuanzia fungate mpaka eda. Hakuwa amemwambia mtu mwingine tangu mamake mwenyewe afe. Alimwambia ili ale.

Mwanarusi akala. Baadaye akapata kazi Tudor, akahamia huko, akaandika.

Msimdhanie kuwa aliandika bila kujua anafanya nini. Alijua. Alimnenepesha yule somo, maana Bi Zuwena ni mwembamba, akamhamishia Lamu, akampa jina jingine na kidoti shavuni. Juu ya yote hayo alitegemea jambo moja: Bi Zuwena alisoma Kurani, na barua za Kiswahili alizisoma na kuziandika kwa herufi za Kiarabu bila kusita, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa nyayo za kuku kwenye mchanga. Mwanarusi alijiambia kwamba kitabu ambacho mtu hawezi kukisoma hakiwezi kumdhuru. Mwalimu mzima alijiambia hivyo, akajisadiki.

Kilichomwumbua ni sentensi moja. Kila mwari aliyepita mikononi mwa Bi Zuwena, siku ya mwisho, mlango umefungwa na udi unafuka, aliambiwa hivi sikioni: "Mume haonyeshwi chungu, huonyeshwa mvuke." Mwanarusi naye aliambiwa alipokuwa mwari. Maneno yalimpendeza akayatia kinywani mwa somo wake wa Lamu, akidhani ni methali ya watu wote. Kumbe ilikuwa ya Bi Zuwena peke yake. Aliitunga mwenyewe, na hakuna aliyeijua isipokuwa wanawake aliowafunza, ambao kwa bahati mbaya walikuwa nusu ya wake wa Kibokoni, Kuze na Makadara. Kila mmoja alipofika ukurasa ule alifunga kitabu akatazama dirishani. Kisha akakifungua tena asome upya ile sura ya eda.

Mombasa mtu haambiwi, hufumbiwa. Mama Gharib, jirani wa mtaa wa pili, alikuwa amekwisha mwomba Bi Zuwena amfunze binti yake anayeolewa. Akaja alasiri moja kusema kwamba mtoto atafunzwa na jamaa yao kutoka Malindi, kwa kuwa jamaa huyo amesisitiza sana. Aliyasema hayo huku akila halua ya Bi Zuwena. Akafuata mwingine naye ana jamaa, huyu wa Pate. Bi Zuwena hakuwa mjinga. Alimshika mkono mmoja wa wasichana wake wa zamani na kumwuliza kuna nini, na msichana, macho chini, akajibu, "Wasema umo kitabuni, bibi." Zaidi ya hapo hakusema, na nani angesema?

Basi Bi Zuwena akatuma salamu Tudor: aje na kitabu.

Njia nzima Mwanarusi alikuwa akiyapanga maneno ya kuungama. Alipopita mbele ya Ngome ya Yesu yalikuwa yamekaa sawa, yana mwanzo na mwisho. Mle ndani akakuta mkeka umetandikwa, kaimati zimefunikwa kawa, na Bi Zuwena amevaa leso mpya, amekaa kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri alkheri. Ndoo, keti hapa penye mwangaza." Akamsogezea mto. "Wanambia nimo kitabuni mwako. Nami nikasema, kuna haja gani ya kubishana na watu na mwenyewe aliyekiandika ni mwanangu? N'tasomewa na yeye. Haya, soma."

Hakuuliza kama ni kweli. Kuuliza kungekuwa ni kumshuku, na yeye hakumshuku. Hilo ndilo lililomshinda Mwanarusi. Kama angeulizwa, huenda angejibu. Aliambiwa asome, akafungua kitabu akasoma.

Sura za mwanzo hazikuwa na ubaya. Zilikuwa za pilikapilika za harusi, vijembe vya wanawake jikoni na shangazi mmoja mlafi, na Bi Zuwena alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la leso. "Huyu shangazi namjua," alisema, "lakini simtaji." Siku ya pili alasiri wakaendelea. Siku ya tatu wakafika kwenye fungate, na Mwanarusi aliona mistari inamjia kama gari lililokatika breki. Akafungua kinywa. Yaliyotoka hayakuwa yaliyoandikwa.

Alisoma kwamba bwana arusi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, aliyemchambulia mkewe chungwa kila asubuhi. Alisoma kwamba waliishi kwa raha mpaka homa ikampata, akafa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alisoma eda ya haki ya mume aliyekufa kweli. Yote aliyatunga pale pale, akigeuza kurasa kila baada ya muda ili ionekane zinakwisha, na ile sentensi ya chungu na mvuke akairuka. Na aibu juu ya aibu ni kwamba alitunga vizuri. Hata katika hofu ile, kuna sehemu ya moyo wake iliyokuwa ikisema: hii ya chungwa ni nzuri, ungeiandika. Alijichukia kwa hilo kuliko kwa uongo wenyewe.

Bi Zuwena alilia. Alimlilia yule mume mwema ambaye hakuwamo kitabuni wala hakuwamo duniani, akalia kwa utulivu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Walipofika mwisho ndipo alipojifuta.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe ni kitabu kizuri hivi. Watu wana dhambi, mwanangu. Waniona mjane wakasema ni mimi, kana kwamba mjane ni mmoja dunia nzima." Akakichukua kwa mikono miwili, akakitia ndani ya kasha lake la shaba, juu ya nguo zake za harusi. "Jumapili baada ya alasiri nawaita wote. Mama Gharib, na Khatijabai, na wasichana wangu wote. N'tashika msahafu niwaapie kwamba kitabu nimesomewa kizima, na mimi simo."

"Mama, si lazima kuapa."

"Kwani ni uongo?"

Mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kupita tu. "La," alijibu. "Nasema watu wenyewe hawastahili kuapiwa."

"Kwangu wastahili," alisema Bi Zuwena. "Nimewafunzia watoto wao."

Wiki ile Mwanarusi hakufundisha kitu cha maana. Alijua mambo mawili, na hakuna lililomfariji. Mamake akiapa, ameapa uongo juu ya msahafu, yeye ambaye hata kwa jina la Mungu haapi ovyo, na siku yoyote mtu akimsomea ule ukurasa atajua kwamba mwanawe ndiye aliyemtia mkono motoni. Na akiambiwa, basi atajua sasa hivi. Alikwenda Kibokoni mara moja akageuzwa na watembeza wageni pale Ngome, waliomwamkia kwa furaha, "Mwandishi wetu!" akaona haya kuendelea na safari. Mara ya pili alifika, akaingia, akakuta mamake anapika mahamri ya wageni wa Jumapili, akajikuta anasukuma unga. Alisukuma mpaka magharibi akarudi zake. Yaani alimsaidia kuandaa.

Akapitia duka la Khatijabai kununua uzi ambao hakuuhitaji. Khatijabai, Mhindi wa Kibohora, alikuwa jirani wa Bi Zuwena ukuta kwa ukuta tangu aletwe pale bibi arusi. Nyumba hizo mbili zilipitishiana mabakuli dirishani siku zote. Alikuwa anapima lesi kwa dhiraa, na hakuinua kichwa.

"Nimekisoma," alisema.

Mwanarusi aliurudisha uzi mahali pake.

"Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilijua namlilia nani." Akakata lesi kwa mkasi. "Mimi ndiye niliyempikia Zuwena eda yake yote. Nilikuwa mwari wa juzi, Kiswahili chenyewe sijui, mama mkwe wangu akaniambia kuna kizuka jirani, mpikie. Nikapika kila siku. Wali, dengu, samaki. Nikimpa naye analia, nami nalia naye. Sasa nambie, mwanangu, kile chakula mimi nilimpa nani?"

"Nisamehe, Khatijabai."

"Mimi usiniombe. Mwambie kabla ya Jumapili. Mimi siwezi kumwambia. Akitaka kuwa mjane, kwangu ni mjane mpaka kufa." Kisha akafunga lesi kwa karatasi, akamwita mnunuzi mwingine.

Jumamosi Mwanarusi hakwenda. Alijiambia kwamba kichwa kinamwuma, na kwa kweli kilimwuma, lakini watu wangapi wamekwenda penye wajibu wao na vichwa vyao vinawauma? Aliogopa, ndilo jina lake. Aliogopa uso mmoja tu wa mwanamke mmoja mwembamba.

Jumapili chumba kilijaa. Wanawake walikaa mikekani wamevua mabuibui. Mama Gharib alikuwa mbele karibu na mlango wa ua, Khatijabai kando ya dirisha. Wake wa watu waliokuwa wari wa Bi Zuwena walibanana kama wanafunzi. Udi ulifuka. Msahafu ulikuwa juu ya marufaa yake ya mbao, umefunikwa kitambaa cha hariri. Mwanarusi alipewa nafasi ya heshima, ubavuni kwa mamake.

Bi Zuwena alitoka kutawadha, mikono yake bado ina maji.

"Nawashukuru kuja," alisema. "Siwaiti kugombana. Muna haki ya kumjua mtu munayemkabidhi wana wenu. Mumesikia maneno, nami nimeyasikia. Kitabu cha mwanangu nimesomewa na yeye mwenyewe, tangu bismillahi mpaka mwisho, na huyu hapa, ni shahidi. Sasa nataka muwe na imani." Akafunua hariri. Akanyosha mkono.

Hapo ndipo Mwanarusi alipoona yale ambayo wiki nzima hakuyaona kwa kujitazama mwenyewe. Akinyamaza, mamake ataapa uongo. Akisema, hata neno moja tu, kila mwanamke mle ndani atajua kwamba kitabu ni kweli tupu, kwa maana kama si kweli kuna haja gani ya kuzuia kiapo? Angemwambia Jumamosi, yangekuwa ya watu wawili. Ucheleweshaji wake ndio uliomleta mama yake mbele ya kadamnasi, na sasa hakuna njia isiyopita juu yake.

"Mama, usiape."

Alisema kwa sauti ndogo lakini hapana asiyesikia. Mkono wa Bi Zuwena ukasimama hewani. Mama Gharib alitazama mkeka.

"Kwa nini nisiape?"

"Kwa sababu niliyokusomea siyo yaliyoandikwa."

Bi Zuwena alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatafuta kitu katika uso wa Mwanarusi, kama mtu anayetazama chumba alichokizoea akaona kuna kitu kimeondolewa, hajui bado ni kipi.

"Yaliyoandikwa ni yapi?"

Mwanarusi, aliyepewa tuzo kwa maneno, hakuwa nayo. Alitikisa kichwa.

"Yale niliyokwambia wewe? Ulipokuwa huli?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

Bi Zuwena akauliza polepole, kana kwamba anaogopa kulivunja neno lenyewe, "Na eda?"

"Na eda."

Bi Zuwena aliurudisha mkono wake, akaufunika msahafu kwa hariri, akazinyosha pembe zote za kitambaa. Akaiweka sawa leso kichwani. Alipowageukia wanawake sauti yake ilikuwa ile ile aliyowafunzia.

"Basi mumesikia. Mimi sikufiwa. Niliachwa fungateni, nikamkalia eda mtu yu hai, kwa kuwa mamangu alitaka hivyo nami sikujua kukataa. Dhambi yake naijua mimi na Mola wangu." Akatazama uso kwa uso, msichana wake mmoja baada ya mwingine. "Lakini niliyowafunza niliyatafuta. Niliuliza wenye waume, nikasikiliza, nikafikiri, miaka na miaka. Aliyeona hayakumfaa nyumbani kwake na anirudishie hivi sasa."

Hakuna aliyerudisha kitu. Mmoja wao alianza kulia, na Khatijabai, ambaye kwa miaka yote ile hakupata kuingia jikoni mwa Bi Zuwena bila kuambiwa, aliinuka akaenda kuleta birika la kahawa. Akamimina kikombe cha kwanza akampa Bi Zuwena, na kahawa ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Kisha mahamri yakapitishwa. Wageni walikula kwa kuwa mwenye nyumba aliwasihi wale. Mwanarusi alishika hamri lake mkononi, lile lile alilolisukuma, lisipande kinywani.

Walipoanza kuondoka Bi Zuwena alisimama mlangoni, mlango wake mzito wa nakshi, akawaaga mmoja mmoja kwa adabu zake zote. Mama Gharib alimbusu mkono, akataka kusema neno juu ya jamaa wa Malindi, asilimalize. Bi Zuwena akamwambia, "Mtoto wako ni mzuri. Mtu wa Malindi atamfunza vyema. Karibu tena." Khatijabai hakuagwa. Alirudisha birika jikoni, akaenda zake dukani, wakapeana jicho tu.

Mwanarusi alikuwa wa mwisho. Alitaka kupiga magoti ashike miguu ile, lakini aliona kwamba hata kuomba radhi mbele ya mlango kungekuwa ni kuomba afarijiwe, na alikwisha farijiwa katika nyumba ile zaidi ya haki yake. Akasimama. Akaona haya ya kweli, si ile ya kuogopa watu, bali ile inayomfanya mtu atake kuvuliwa jina lake.

"Mama," alisema.

Bi Zuwena alimpa mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi, ukashika kidogo ukaachia.

"Tumefurahi umekuja, mwalimu," alisema. "Utusalimie Tudor. Karibu tena."

Mwanarusi alishuka vipandio vya baraza akatoka uchochoroni. Watoto walikuwa wanacheza, wakampisha. Alikuwa amefika pembeni, karibu na ukuta wa Khatijabai, alipoelewa ameambiwa nini, akasimama. Katika nyumba ile alipewa maziwa ya chupa, alitahiniwa Yasini, alichapwa, aliozwa, akarudi. Maisha yake yote alitoka na kuingia bila mtu kumwambia kitu, kwa maana mtu wa kwao haambiwi karibu tena.